Huo uyoga wa Uholanzi asipewe mama

SWALI: Shikamoo daktari. Mama ana kisukari mwaka wa kumi na tano, nyayo zinamwaka moto usiku hata shuka haivumilii. Kwa maumivu anatumia amitriptilini na tramadoli. Mdogo wangu yuko Uholanzi, anasema kule uyoga wa njozi unauzwa dukani, unatibu maumivu sugu na hauna kemikali. Tumjaribishie kidogo kidogo? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Mpigie mdogo wako leo, asitume huo mzigo.

“Hauna kemikali” ni neno lililonichosha. Uyoga huo una silosaibini, iliyotambuliwa na mkemia Albert Hofmann wa Uswisi mwaka 1958, yule yule aliyetengeneza LSD, dawa nyingine ya njozi. Ikifika mwilini hugeuka silosini na kushika vipokezi vya serotonini, kemikali ya kupeleka ujumbe kwenye ubongo. Hiyo si kemikali? Na kinachouzwa kihalali Uholanzi ni vinundu vyake vinavyoota chini ya udongo. Uyoga wenyewe walishaupiga marufuku 2008. Kuuzwa dukani si kuwa dawa, hata sigara ziko dukani.

Utafiti upo, sikatai. Mwaka 1964 huko Chicago, Marekani, daktari Eric Kast aliwapa LSD wagonjwa 50 mahututi, wengi wa saratani, wakapata nafuu. Kwenye utafiti wa Maastricht, Uholanzi, uliochapishwa 2021, watu 24 walipewa LSD kidogo sana wakatumbukiza mkono kwenye maji ya baridi kali. Waliopata mikrogramu 20 walivumilia muda mrefu zaidi. Lakini hao walikuwa wazima! Mama yako neva zake zimeliwa na sukari.

Kinachonikera hasa ni watu kudhani hii ni Panadol yenye nguvu, unameza panapouma. Kwenye majaribio ya silosaibini mtu huchujwa kwanza, wenye moyo mbovu au historia ya kuchanganyikiwa wakaachwa. Kisha dozi moja au mbili tu, na wataalamu wanakaa naye saa sita hivi. Mimi ni daktari wa ganzi, ketamini, dawa ya usingizi ambayo nayo huleta njozi, naitumia miaka yote. Nimeona baba wa miraba minne akizinduka kaning'ang'ania mkono, ananiuliza mbona dari inashuka. Hapo oksijeni ipo na presha inapimwa. Mama yako atamng'ang'ania nani saa nane usiku?

Halafu kuna tramadoli. Nayo inagusa serotonini, na peke yake yaweza kuleta degedege, msiiongezee mwenzake. Wala msimkatishe dawa ghafla ili “kupisha uyoga”, maana hilo nalo naliona. Mrudisheni kliniki, sukari ipimwe, na kama anameza metformini ya kisukari siku nyingi ulizeni kuhusu vitamini B12, kwani ikipungua nayo huunguza miguu. Gabapentini, dawa ya maumivu ya neva, pia wanaweza kumfikiria.

Wauzaji ndio wasioniacha nilale. Marekani, 2024, watu walilazwa baada ya kula chokoleti na peremende za “uyoga”. Ndani ilikutwa musimoli, kemikali ya uyoga mwingine kabisa. Huku kwetu ni unga ndani ya kopo. Mgonjwa mmoja aliniletea la kwake, lebo inasema hutibu mgongo, presha, ugumba na husda. Nilimpigia muuzaji nijue ni uyoga gani, miligramu ngapi. Akaniuliza nataka jumla au rejareja.