Re: Mkutano unakatika nikifanyia kazi nyumbani

Mkuu habari. Umesema uko Makorora hapa Tanga, mkutano wa kazini unakatika kila ikifika saa nane mchana na bosi anaona unatega tu. Yalinikuta 2020, shule zilipofungwa Machi 17 kwa ajili ya korona nikajikuta nyumbani Chumbageni na laptopu ya ofisi na watoto watatu. Kabla hujalaumu mtandao angalia kwanza bando linaliwa na nini, mie nilikuja gundua laptopu inajisasisha yenyewe kimyakimya, na binti yangu kumbe kajiunga hotspoti yangu, ule mtandao simu yangu inaigawia laptopu, yuko chumbani anaangalia katuni. Zima hayo masasisho, badili nywila ya hotspoti, kamera nayo zima, sauti peke yake inakula kidogo sana. Halafu simu itafutie upepo, bati likichemka mchana na simu inachemka inakuwa nzito, yangu niliitundika dirishani ndani ya kikapu cha sokoni. Bosi mwandikie asubuhi utafanya nini na jioni umemaliza nini, mistari miwili tu, wangu baada ya wiki akanyamaza. Ila mama mkwe anaekuona umekaa akakutuma sokoni Mgandini katikati ya mkutano, hiyo sikuipatia dawa, nilikuwa naenda tu.