Kabla ya Kugawa Futari, Lipa Mwani wa Watu

Kampuni yetu ni ndogo. Tunatengeneza sabuni za mafuta ya nazi na unga wa mwani hapa Chake Chake, na wakati wa chakula sote tunaenea sinia moja. Wenzangu wenye biashara kama hii huniuliza tunapata wapi cha kutoa sadaka. Huwajibu: anza na wanaokudai.

Mwani ulianza kulimwa kibiashara Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani, na hadi leo wakulima wake wengi ni wanawake. Mama anafunga vishada kwenye kamba, anashinda majini, anaanika, wingu likitanda anakimbilia kuanua. Mwani aina ya cottonii, wenye bei nzuri, hufa maji yakizidi joto, kwa hiyo wengi wamebaki na aina ya spinosum, wa bei ya chini. Sasa umchukulie magunia yake kwa mkopo, umzungushe miezi, kisha Ramadhani umpelekee mchele? Huo mchele ni wake! Dini imetufundisha kumlipa mtu ujira wake kabla jasho halijakauka. Sisi tunapima mbele ya macho yake na kulipa palepale. Vikapu vidogo vya ukili vya kutilia sabuni tunalipa vivyo hivyo.

Ukishalipa, sadaka nayo ina adabu zake. Majina ya kupelekewa futari tunayapata kwa sheha, yaani kiongozi wa mtaa, na mwalimu wa madrasa, maana wao ndio wanaojua nyumba ipi haijainjika chungu. Tunapeleka usiku, baada ya tarawehe, bila kamera. Inaniuma sana kuona bibi kikongwe ameshikishwa mfuko wenye nembo ya kampuni ili apigwe picha. Kama lazima upate picha, piga mzigo ukiwa bado dukani.

Kazi ya kujitolea tuliyoichagua ni kupanda mikoko. Huku Pemba tunajua kwa nini: Kisiwa Panza bahari imeingia hadi mashambani. Tunakwenda siku ya kazi, kwa mshahara uleule. Ukimwita mfanyakazi siku yake ya mapumziko, aliyejitolea ni yeye, si kampuni.

Waulize wazee mikoko ilisimama wapi zamani, upande hapo. Ufuo wa mchanga unaopigwa na mawimbi hautashika hata upande mara ngapi. Tunda la mkoko huchipua likiwa bado mtini, refu kama mchi mwembamba; okota lililoanguka lenyewe, zima, lisilotobolewa na wadudu. Lichomeke topeni, ncha chini, kiasi cha theluthi yake, na kutoka moja hadi jengine acha kama mita moja. Baada ya hapo ndipo kazi inapoanza: kurudi kuondoa majani ya bahari na plastiki zilizozonga miche, kuziba mapengo, kuzungumza na wenye mbuzi. Mimi sihesabu iliyopandwa. Nahesabu iliyo hai mwaka ukipita.

Ukitaka kuanza, mwone sheha kwanza, yeye atakukutanisha na kamati ya misitu ya shehia. Kisha tazama mwezi: bamvua huja ukiandama na ukiwa mpevu, na hapo maji hutoka mbali mkapata nafasi ya kupanda bila kukimbizana nayo. Chukueni maji ya kunywa, na viatu acheni nyumbani.