Rapala ya nguru: angalia inavyoogelea, rangi baadaye

Kijana akiingia dukani hapa Mombasa kununua rapala, yaani samaki bandia mwenye ndoana, swali lake la kwanza huwa rangi. Mimi huanzia kwenye ulimi, ile plastiki iliyochomoza chini ya mdomo. Ulimi mrefu huizamisha mita kadhaa, mfupi huiacha karibu na uso wa maji. Jua likishapanda, nguru wa nje ya mwamba wa Nyali mara nyingi yuko chini, kwa hiyo hapo hutumia ulimi mrefu. Alfajiri, ndege wakipiga mbizi juu ya vidagaa, mfupi watosha. Mshipi nao una lake: ukiwa mnene hukinzana na maji, na rapala haifiki chini.

Kabla ya kuuachia mshipi, ikokote kwanza ubavuni mwa chombo kwa mwendo uleule wa kurambaza, yaani wa kukokota chambo nyuma ya chombo kinachokwenda, uiangalie vizuri. Iliyo sawa huenda moja kwa moja huku ikitingisha mkia. Ikikimbilia kushoto, shika plaizi, upinde kidogo mno kile kijipete cha puani kinachofungwa mshipi kuelekea kulia, uirudishe majini, uiangalie tena. Kazi hii haitaki haraka. Rapala inayolala ubavu, hata kama ni ya bei ghali, nguru haishughulikii.

Lauri Rapala, mvuvi wa Finland, alichonga ya kwanza mwaka 1936 baada ya kuona samaki wakubwa wakimwandama mdogo anayeogelea akiyumba. Nguru wetu hana tofauti: anayeyumba ndiye anayemfuata.

Mwendo wa noti 5 au 6 (maili za baharini kwa saa) unafaa kwa rapala nyingi. Macho yawe kwenye ncha ya fimbo. Ikitetemeka, rapala inafanya kazi. Ikitulia ghafla, vuta haraka, maana jani moja tu la mwani kwenye ndoana laharibu kila kitu. Mbele ya rapala funga waya mwembamba, kwa sababu meno ya nguru hukata nailoni mara moja. Waya mnene huifanya izubae.

Nguru akikamata, nahodha asizime mashine papo hapo. Apunguze mwendo taratibu, mshipi usilegee, hadi kiopoo kimfikie. Ndoana zile za meno matatu zitolewe kwa plaizi, si kwa vidole: nguru akijitupa humo chomboni, ndoana iliyobaki huingia mkononi mwako.