Samaki wa Ijumaa kando ya barabara kuu

SWALI: Asalaam aleikum, ndugu mshauri. Mimi ni mzaliwa wa Tanga na sasa ninaishi Milwaukee, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, pamoja na mume wangu na watoto wetu watatu. Kila Ijumaa jioni tunapotoka nje ya mji huona magari yamejaa mbele ya mkahawa mmoja wa kando ya barabara, wenye kibao kinachotangaza samaki wa kukaanga, ilhali siku nyingine mahali hapo huwa kimya. Watoto wananisumbua tuingie. Je, hiyo ni shughuli ya kanisa? Na sisi Waislamu tunaweza kula hapo, ikiwa ndani kuna baa?
Mama Watatu, Milwaukee

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Desturi hiyo ina mizizi ya kanisa, lakini mlo wenyewe si ibada, na hakuna atakayewauliza dini yenu mlangoni. Wahamiaji wa Kijerumani na Kipolandi waliojaa Milwaukee walikuwa Wakatoliki wengi, nao Ijumaa hawakula nyama. Samaki wa Ziwa Michigan walipatikana kwa bei nafuu. Pombe ilipopigwa marufuku Marekani kuanzia mwaka 1920 hadi 1933, wenye baa waliokosa cha kuuza walivuta wateja kwa sahani ya samaki. Mwaka 1966 maaskofu wa nchi hiyo waliondoa ulazima wa kuacha nyama kila Ijumaa, isipokuwa wakati wa Kwaresima, lakini watu wa Wisconsin walikuwa wamekwisha kunogewa.

Kuhusu watoto, ondoa shaka, kwani sheria ya jimbo hilo humruhusu mtoto kuingia baa akiwa na mzazi wake, na Ijumaa utakuta bibi na wajukuu wamejaa meza nzima. Fikeni kabla ya saa kumi na moja na nusu jioni, la sivyo mtasubiri sana.

Penye uzito ni jikoni. Samaki wa huko mara nyingi huchovywa katika unga uliokorogwa kwa bia, na jambo hilo si siri wala aibu kwao. Huandikwa kwenye menyu kama sifa. Nilipoishi Madison nilijifunza kuuliza mambo mawili kabla ya kuketi: kama wana samaki wa kuoka, au wa kupakwa chenga za mkate bila bia, na kama mafuta ya kukaangia ni yale yale yanayotumika kwa vitu vyote. Wahudumu wamezoea maswali hayo na hujibu bila kununa. Supu nyeupe ya chaza, ambayo hupikwa sana siku hiyo, iulizie pia, kwa sababu wengi huanza kuipika kwa kukaanga nyama ya nguruwe. Na chapati ndogo za viazi vilivyokunwa, ambazo huliwa kwa matofaa yaliyopondwa, huenda zikakaangwa kwa mafuta ya mnyama huyo huyo. Hukumu ya mafuta yaliyochanganyika mwulizeni shehe wenu. Mimi ni mtu wa sufuria tu.

Mkiridhika na majibu, msiagize kodi (samaki wa bahari ya baridi, si ile ya serikali) kwa sababu tu ni rahisi. Mnofu wake ni mkubwa na mweupe, lakini ladha yake ni ya upole mno kwa ulimi uliolelewa kwa changu na kolekole. Ulizeni pechi wa ziwani, ambaye ni minofu midogo ya urefu wa kidole, yenye ngozi upande mmoja, tamu kama samaki aliyevuliwa asubuhi. Ni ghali zaidi, kwa kuwa pechi wa Ziwa Michigan walipungua sana katika miaka ya 1990. Jina lisiwachanganye: kwa Kiingereza sangara wetu wa Mwanza naye huitwa pechi, wa Nile, ingawa hawa wawili hawana hata ukoo mmoja.

Sahani huja na kachumbari ya kabeji, kipande cha mkate wa rangi ya kahawia wenye kisibiti, mchuzi mweupe wa mayonezi na achari, na kipande cha limau. Pilipili hutaiona. Mimi nilikuwa nikibeba yangu ya kusaga ndani ya kichupa cha dawa, na jioni moja mzee wa meza ya jirani aliniomba aionje. Alikohoa, akanywa maji, kisha akaniomba tena.