Ukitaka kumweleza mtu e^(iπ) + 1 = 0, anza na kugeuka

Nina fulana yenye maandishi haya kifuani: e^(iπ) + 1 = 0. Kwa miaka kadhaa kila aliyeniuliza maana yake nilimpa jibu lilelile, kwamba hapo zimekutana namba tano maarufu kuliko zote, 0, 1, e, i na π, kwenye mstari mmoja mfupi. Watu waliitikia kwa adabu, kisha wakabadilisha mazungumzo. Siwalaumu. Ni sawa na kumsifia bibi harusi kwa mtu ambaye hajamwona.

Kosa langu la pili lilikuwa baya zaidi. Kijana mmoja aling'ang'ania nimfafanulie, nami nikamwambia kwamba 2^3 ni 2 mara 2 mara 2, kwa hiyo e^(iπ) ni e iliyozidishwa kwa yenyewe mara iπ. Akanitazama. "Mara i ni mara ngapi?" Sikuwa na la kusema, maana swali lenyewe halina jibu. Maelezo ya "zidisha mara kadhaa" yanafaa pale kipeo, yaani ile namba iliyo baada ya alama ^, kinapokuwa namba ya kuhesabia. Hapa kipeo kina kazi nyingine, na ukimwingiza mtu kwa mlango ule umempoteza tangu mwanzo.

Nilikuja kuelewa namna ya kueleza siku dada yangu mkubwa, fundi cherehani, aliponirekebishia shingo ya fulana hiyo. "Mdogo wangu, haya madude ni nini?" Nikamwomba asimame.

"Nyoosha mkono kuelekea mlangoni. Huo mkono ni 1. Sasa uzidishe kwa −1."

Hakujua la kufanya. Nikamwambia kuzidisha kwa −1 ni kugeuka nyuma, basi. Ukigeuka nyuma mara mbili unarudi kutazama mlango, ndiyo maana hasi mara hasi ni chanya. Hapo alicheka, kwa kuwa shuleni alilikariri hilo bila kuambiwa sababu. Kisha nikamuuliza: ni kitendo gani kimoja ambacho ukikifanya mara mbili utakuwa umegeuka nyuma? Hakujibu kwa mdomo. Aligeuka robo kushoto, akageuka robo nyingine, mlango ukawa mgongoni.

Hiyo robo ndiyo i. Vitabu husema i ni kipeuo cha pili cha −1, na msomaji anakwama papo hapo kwa sababu anajua hakuna namba ya kawaida ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata hasi. Ni kweli, kwenye mstari haipo. Ipo kando ya mstari. Descartes, mwanafalsafa na mwanahisabati Mfaransa, ndiye aliyeziita namba hizi za kufikirika, mwaka 1637, na jina hilo limetisha watu hadi leo. Aliyekuja kueleza namba hizi kwa mielekeo na pembe alikuwa mpima ardhi, Caspar Wessel, mwaka 1797. Mimi hilo halinishangazi: mpima ardhi kutwa nzima yuko na pembe.

Kwa π sikuhitaji kumfundisha dada chochote. Akikata sketi ya duara hugawa kipimo cha kiuno kwa 6.28. Kiuno cha sentimita 66 kinampa kama 10.5, anabana ncha ya futi kamba kwenye kitambaa, anazungusha chaki kwa urefu huo. Nilimwongezea neno moja tu: futi ikiwa na urefu wa 1, chaki itatembea 6.28 kumaliza duara zima, na 3.14 kufika nusu. Sisitiza hapa kwamba π ni umbali uliotembewa. Watu wengi wanaikumbuka kama namba ya kuingiza kwenye fomula.

Imebaki e, na hapa usiwe na haraka. Chukua 1 inayokua kwa asilimia 100 kwa mwaka. Ukiongeza riba mara moja mwishoni, unapata 2. Ukiigawa mara mbili, nusu mwaka kwa nusu mwaka, ni 2.25, kwa sababu riba ya kwanza nayo imezaa. Kila mwezi, 2.61. Kila siku, 2.71. Haipandi bila kikomo. Inatulia kwenye 2.718 na ushee, ndiyo e. Kilichomo ndani yake ni sheria moja: kila dakika unasukumwa kwa kadiri ya ulipofika. Ukiwa mbali, unasukumwa kwa nguvu zaidi.

Sasa rudi kwenye futi ya dada. Ncha imebanwa kwenye 0, chaki iko kwenye 1. Sheria ya e peke yake inaisukuma chaki kufuata futi kwenda nje, na futi inarefuka kwa kasi inayozidi kupanda. Ukiweka i kwenye kipeo, ule msukumo unageuzwa robo. Chaki haisukumwi tena kwenda nje, inasukumwa ubavuni, kwa pembe mraba na futi. Futi hairefuki wala haifupiki. Kitu kinachosukumwa ubavuni kila wakati kitafanya nini zaidi ya kuzunguka?

Dada aliijaribu kwa chaki, kwa vipande vifupi vilivyonyooka, na duara lake likatanuka kidogo. Ndivyo inavyotakiwa. Ukifika π kwa hatua 10 unaishia 1.6 kutoka katikati. Kwa hatua 100, 1.05, kwa 1000, karibu 1.005. Hatua zikiwa ndogo kupita kiasi, unabaki kwenye duara kamili. Ni mchezo uleule wa kuigawa riba vipande vidogo vidogo.

Basi e^(iπ) ni agizo: anzia 1, sukumwa ubavuni, tembea umbali wa 3.14. Umefika ng'ambo ya pili ya duara, na ng'ambo ya pili ni −1. Mwanahisabati atalalamika kwamba huu si uthibitisho, na ana haki; fomula kamili, yenye sine na kosine, mwanahisabati Mswisi Euler aliichapisha mwaka 1748. Lakini anayeiona chaki ikizunguka ataisoma fomula hiyo baadaye bila kuiogopa.

Dada aliinama akaitazama fulana tena. "Kama jibu ni −1, hiyo +1 imetoka wapi?"

Nikamweleza kwamba −1 imehamishwa upande wa pili, ili upande mmoja ubaki sufuri.

"Kumbe hilo ni pindo tu," akasema, akarudi kwenye cherehani.