Re: Lazima niteseke ndo nimpate Mungu?

Ndugu yangu pole sana kwa unayopitia. Umeuliza kama mateso ni lazima ili umkaribie Mungu, mimi nakujibu hapana, usiyatafute kabisa, hata Yesu pale Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke (Mathayo 26:39), sasa wewe nani akulazimishe uyapende? Kama kuna dawa kunywa, kama kuna mtu anakupiga ondoka hapo, huko sio kukosa imani.

Ila yakishakukuta usinyamaze. Hapo ndo wengi tunabanwa, tunadhani kumlalamikia Mungu ni dhambi basi mtu anaomba maombi ya kistaarabu huku moyoni anaungua. Soma Ayubu taratibu, yule alilaani mpaka siku aliyozaliwa, alidai majibu waziwazi, na bado kwenye 42:7 Mungu anawakasirikia wale rafiki zake waliokuwa wanamtetea Mungu kwa maneno mazuri, anasema Ayubu ndo kanena sawa! Na sababu ya mateso yake hakuelezwa hata kidogo, alichopata ni kumwona Mungu mwenyewe (42:5). Hii inanigusa sana kwa kweli.

Ukikosa maneno yako chukua Zaburi 88, ile inaishia gizani tu, haina shangwe mwishoni, na bado ni sala. Isome kwa sauti usiku usingizi ukigoma, na tafuta mtu mmoja wa kanisani unayemwamini aombe na wewe, asiwe wa kukuuliza umetenda dhambi gani.