Yule Kijana Hakuwa Mvivu

Wiki iliyopita nimepokea ujumbe wa msomaji mmoja, kijana, ndiyo kwanza anaanza kazi ya saidia fundi. Ameandika hivi: "Kaka, nifanye nini nisionekane mvivu? Ikifika saa sita kichwa kinagonga, macho yanaona giza, na nyapara ananiambia nijikaze. Naogopa wataniondoa."

Nimeusoma mara nyingi mno. Miaka saba iliyopita, nyapara wa namna hiyo nilikuwa mimi.

Habari hii sijawahi kuiandika popote. Leo naiandika.

Tulikuwa tunapaua ghala kubwa la mabati. Aliyewahi kupaua anajua kwamba juu ya paa jua linakupiga mara mbili: linashuka kutoka juu, kisha linarudi usoni kutoka kwenye bati. Futi ya chuma ukiiacha hapo dakika kumi, huishiki bila glavu. Tulikuwa nyuma ya ratiba kwa siku 11, na mkandarasi alikuwa ananipigia simu kila asubuhi kabla sijamaliza kufunga kamba za buti. Nikaongezewa vibarua wanne. Mmoja wao alikuwa kijana wa miaka 19, mwembamba, mwepesi wa ngazi. Nikampandisha juu siku ile ile aliyoripoti, kutwa nzima. Wakati ule nilijisifu kwamba kwenye kikosi changu hakuna mtu wa kubembelezwa.

Siku ya tatu aliomba kushuka mara mbili. Mara ya kwanza nikampa maji. Mara ya pili nikamwambia, mbele ya wenzake, kwamba kama kazi imemshinda aseme, maana getini wako watu wanaisubiri. Akanyamaza, akaendelea.

Baada ya hapo akaanza kufanya mambo ambayo niliyaona kwa macho yangu na sikuyaelewa. Nilimwomba misumari ya bati, akaniletea glavu. Nikamrudisha. Akaja na glavu nyingine, mwenzake wa ile ya kwanza, akanikabidhi huku anatabasamu. Watu wakacheka, mimi nikamfokea. Alipojaribu kunijibu, maneno yalimtoka mazito kama ya mlevi, na kijana yule pombe hakuwa anaijua. Kisha akakaa chini juu ya bati, pale pale palipokuwa panaunguza, akatulia kana kwamba amekaa kwenye mkeka. Hata hakushtuka.

Fundi mmoja mzee ndiye aliyepiga kelele: "Kiongozi, huyu anakufa! Mshusheni!"

Tulimshusha kwa kamba na mikono ya watu watano. Yule mzee akamburuta kivulini, akamvua shati na buti, akammwagia ndoo kwa ndoo ya maji ya kuchanganyia zege, akawaamuru vijana wampepee kwa vipande vya maboksi mpaka gari la wagonjwa lifike. Mimi nilikuwa nimesimama na simu mkononi. Hospitalini joto lake la mwili lilisoma nyuzi 41, na hiyo ni baada ya ndoo zote zile. Daktari aliniambia maji ya yule mzee ndiyo yaliyomwokoa.

Kijana alipona, kwa maana kwamba yu hai. Figo zake ziliumia, na kazi ya juani hawezi tena. Kwenye taarifa ya tukio mkandarasi aliandika kwamba mfanyakazi "aliugua akiwa kazini", kana kwamba maradhi alikuja nayo kutoka nyumbani. Nami nikatia saini. Hilo linanichoma hadi leo kuliko hata yale maneno niliyomwambia juu ya paa.

Sitawachosha na miaka iliyofuata. Niliacha kazi kwa muda, nikarudi, nikasoma kila nilichoweza kukipata kuhusu joto na mwili wa mtu anayefanya kazi. Kilichoniumiza zaidi ni kugundua kwamba yote yalikuwa yanajulikana.

Mtu akifanya kazi nzito, misuli yake yenyewe inazalisha joto. Jasho ndilo linalolitoa, lakini jasho linapoza pale tu linapokauka. Hewa ikijaa unyevunyevu, linatiririka bure. Moyo unasukuma damu kwa nguvu kuelekea kwenye ngozi ili mwili upoe, na misuli nayo inaidai damu hiyo hiyo. Ubongo unapungukiwa, figo zinapungukiwa. Joto la ndani likipita nyuzi 40 na akili ikaanza kupotea, hicho ni kiharusi cha joto, na kinaua. Glavu zile mbili zilikuwa ndiyo dalili. Mtu anayeleta kitu ambacho hukumwagiza, anayecheka pasipo sababu, anayejibu kwa ulimi mzito, huyo hana dharau. Ubongo wake unaungua.

Kingine nilichojifunza ni kwamba mgeni ndiye anayekufa. Mwili unahitaji kati ya wiki moja na mbili kulizoea joto. Wataalamu wa usalama kazini wa Marekani wanasema karibu nusu ya vifo vya joto kazini hutokea siku ya kwanza kabisa ya mtu kazini, na zaidi ya asilimia 70 hutokea ndani ya wiki ya kwanza. Ndiyo maana wanashauri mtu mpya asipewe zaidi ya asilimia 20 ya muda wa kawaida katika joto siku ya kwanza, kisha aongezewe asilimia 20 kila siku. Mimi nilimpa wangu asilimia 100, siku tatu mfululizo, na nikaiita hiyo kumkomaza.

Kila ninapolisema hili anatokea mtu wa kuniambia, "Jua ni lile lile, mababu zetu walilima chini yake." Ndugu yangu, jua ni lile lile, lakini hewa tunayofanyia kazi imebadilika. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto zaidi kuwahi kurekodiwa: Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilipima takriban nyuzi 1.55 juu ya wastani wa miaka ya 1850 hadi 1900. Nyuzi moja na nusu inasikika kama kitu kidogo. Huo ni wastani wa dunia nzima, bahari zote zikiwemo. Saiti inaupata kama siku nyingi zaidi za joto kali, na kama usiku usiopoa. Usiku huo watu hawauzungumzii vya kutosha. Mtu aliyelala kwenye chumba cha moto anaamka na uchovu wa jana, anapanda ngazi nao.

Mwezi Aprili 2024 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti ambayo ningetamani kila nyapara aisomewe kwa sauti. Wafanyakazi zaidi ya bilioni 2.4 wanakumbwa na joto kupita kiasi kazini. Kila mwaka joto hilo linasababisha majeraha milioni 22.85 na vifo 18,970. Na watu milioni 26.2 wanaishi na ugonjwa sugu wa figo unaohusishwa na joto la kazini. Nilipofika kwenye hesabu hiyo ya figo niliifunga ripoti, nikatoka nje.

Angalieni hayo majeraha milioni 22.85. Wengi wa waliojeruhiwa hawakuanguka kwa kiharusi cha joto. Ni mkono wenye jasho uliotelezesha nyundo, miwani ya kinga iliyojaa ukungu, mtu aliyekosea ngazi moja kwa sababu kichwa kilikuwa kizito. Kwenye daftari la ajali tunaandika "uzembe". Hata mimi nimeandika neno hilo, na zaidi ya mara moja.

Sasa niwaambie jambo ninalojivunia, na sioni aibu kujivunia. Msimu huu wa joto uliokwisha nimesimamia watu 32, jengo la ghorofa nne, zege na nondo juani. Hakubebwa mtu. Hata mmoja. Tulianza kazi saa 12 asubuhi, tukashuka saa 5 na nusu, tukarudi saa 9. Mapipa ya maji ya baridi yalipanda tulipopanda sisi. Turubai la kivuli lilifungwa kila ghorofa kabla ya kazi kuanza, kama tunavyofunga jukwaa. Na kila mtu alipangiwa mwenzake wa kumtazama.

Mwenye mradi alinipinga wiki ya kwanza. Aliniambia namfanya alipe watu wakae kivulini. Nikamweleza habari ya wakata miwa wa El Salvador, ambako vijana wengi waliharibikiwa figo bila kuwa na kisukari wala shinikizo la damu. Katika jaribio moja la kule, wakataji walipewa maji, kivuli, mapumziko ya mara kwa mara na mapanga yaliyoboreshwa. Wastani wa miwa aliyokata mtu mmoja kwa siku katika kundi moja ukapanda kutoka tani 5.1 hadi tani 7.3. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia anipe mwezi mmoja. Baada ya mwezi hakuniuliza tena.

Najua ninyi mnaonisoma mnataka kupanda. Leo saidia fundi, kesho fundi, keshokutwa una kikosi chako na mkataba wako. Nami nawaombea mfike. Basi shikeni haya kabla hamjafika, kwa sababu mkishafika, ratiba itawapigia simu kila asubuhi na mtasahau.

Maji yanywewe kabla ya kiu. Kikombe kimoja, kama mililita 240, kila baada ya dakika 15 au 20, wala isizidi kama lita 1.4 kwa saa, maana maji mengi mno kwa mkupuo nayo yana madhara. Kivuli kiwe karibu, mtu akifikie kwa hatua chache. Pumziko liwe kwenye ratiba, lisiwe zawadi ya kuombwa. Mtu akilazimika kuomba, atachelewa kuomba. Yule wangu aliomba mara mbili na bado ilikuwa kazi bure. Mgeni aanze polepole. Na aliyerudi kutoka likizo ndefu au kitandani naye mhesabuni mgeni, kwa sababu mwili husahau. Maji, kivuli, pumziko: nitayarudia mpaka mnichoke.

Na mtu akianza kuongea yasiyoeleweka, usimwache akae peke yake "apumzike kidogo". Ita gari la wagonjwa, mpeleke kivulini, mvue, mloweshe mwili mzima, mpepee, usiache hadi wafike. Kama hana fahamu sawasawa, usimlazimishe kunywa.

Kuna jingine wengi hawajaambiwa. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka mfanyakazi aliyejiondoa kwenye kazi kwa sababu za msingi, akiamini maisha au afya yake imo kwenye hatari kubwa iliyo karibu, alindwe asiadhibiwe. Mwaka 2022 mkataba huo uliingizwa kwenye misingi mikuu ya haki za kazi. Qatar, baada ya lawama nyingi za dunia, mwaka 2021 iliweka kanuni kwamba kuanzia 1 Juni hadi 15 Septemba hakuna kazi ya nje juani kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 na nusu alasiri. Kwa hiyo inawezekana. Anayekwambia haiwezekani hajajaribu, au hajawahi kumshusha mtu kwa kamba.

Acheni neno "jikaze". Wewe uliyepewa watu, acha kabisa. Ulimi wako una uzito kuliko koleo lolote pale saiti. Kijana atakufa akikutii, kwa sababu anaogopa kukuona umemdharau, na wewe utarudi kwako na saini yako kwenye karatasi ya uongo. Mimi ninayo yangu.

Kijana aliyeniandikia nimemjibu. Nimemwambia kichwa kinachogonga na macho yanayoona giza ni mwili wake unaomwita, ashuke, anywe, akae kivulini, na asishuke kimyakimya bali amwambie mtu. Nimemwambia pia kwamba kama anaogopa kumkabili nyapara wake, anitumie namba, nitaongea naye mimi, nyapara kwa nyapara. Jana usiku ameituma. Nampigia leo saa moja kamili, kabla hawajapanda.